Mgeni katika Ulimwengu Usio na Ua

Hakuna mtu aliyezaliwa mwenyeji wa kila mahali. Kila mmoja wetu ni mwenyeji wa mambo machache na mgeni wa mambo mengi. Na heshima ya mtu hupimwa mara mbili: kwanza kwa namna anavyouchukua ugeni wake mwenyewe, na pili kwa namna anavyoupokea ugeni wa mwenziwe. Nimependa kuyatafakari hayo pamoja nawe, msomaji kijana, kwa njia ya jambo ambalo labda hukulitazamia katika kitabu cha insha, nalo ni michezo ya video. Usicheke. Mchezo ni kioo, na kioo hakichagui uso wa kuonyesha.

Michezo hiyo ina namna nyingi, lakini kwa haja yetu yatosha kuigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mfano wa ujia mwembamba wenye kuta pande zote. Katika mchezo wa Super Mario Bros., uliotolewa Japani mwaka 1985, mchezaji huanza upande wa kushoto akaenda kulia. Akikuta shimo huliruka. Akikuta adui humkanyaga au humkwepa. Na akishindwa hujua ameshindwa na nini. Hawezi kupotea, maana hapana pa kupotelea. Fungu la pili ni mfano wa uwanda usio na ua. Mchezaji huwekwa katika nchi nzima yenye milima, mito, misitu na vijiji, akaachiwa achague mwenyewe aende wapi, afanye nini, na lini. Mafundi wa kazi hii huuita ulimwengu wazi.

Fikra hii si changa. Mwaka 1984 vijana wawili wa Uingereza, David Braben na Ian Bell, walitoa mchezo ulioitwa Elite, ambamo mchezaji aliendesha chombo angani na kufanya biashara katika sayari apendazo. Mwaka 1986 Shigeru Miyamoto wa Japani na wenzake wakatoa The Legend of Zelda. Miyamoto amesimulia kwamba alipokuwa mtoto alizoea kutembea peke yake katika vilima na misitu ya karibu na kwao, na kwamba siku moja alikuta pango, akaliingia akiwa na taa mkononi. Furaha ile ya mtoto mlangoni pa giza ndiyo aliyotaka kuwaonjesha wengine. Tangu hapo ulimwengu wazi umezidi kupanuka. Mwaka 2001 Grand Theft Auto III uliufanya mji mzima kuwa uwanja wa mchezo. Mwaka 2009 Markus Persson wa Uswidi alianza kuwaonyesha watu Minecraft, ulimwengu ambao mchezaji aweza kuuchimba, kuubomoa na kuujenga upya. Mwaka 2017 ukatoka The Legend of Zelda: Breath of the Wild, na mwaka 2022 ukatoka Elden Ring.

Waulize wazoefu sifa kubwa ya michezo hii ni ipi, nao watakujibu kwa neno moja: uhuru. Neno hilo ni tamu masikioni, wala sina nia ya kulitia uchungu. Walakini mwulize mgeni, yule aliyeketi mbele ya michezo hiyo kwa mara ya kwanza, nawe utasikia habari nyingine.

Jambo hili nalijionea mwezi wa Agosti mwaka 2024, nyumbani kwa mama yangu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa Kidato cha Kwanza katika shule ya bweni, alikuja likizoni na mashine ya michezo aliyoazimwa na binamu yake, akaiunganisha na televisheni ya nyanya yake. Kwa siku tatu mtoto yule hakusema zaidi ya maneno ya salamu. Alikula, akacheza, akalala. Siku ya nne nyanya yake, ambaye amelima na kuuza mboga sokoni kwa zaidi ya miaka thelathini, alikaa karibu naye akasema, "Nifundishe na mimi mjukuu wangu, nijue kinachokuteka." Nikavuta kiti nikakaa nao, maana nami nalikuwa mgeni wa mambo hayo kama mama yangu.

Mchezo wenyewe ulikuwa Breath of the Wild. Ndani yake kijana aitwaye Link huamka pangoni baada ya usingizi wa miaka 100, hajui alipo wala ajali iliyompata. Hutoka nje mbio, akasimama ukingoni mwa jabali, na nchi yote ikafunuka mbele yake: misitu, magofu, mlima wa moto kwa mbali, na ngome iliyozingirwa na uovu. Mpwa wangu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje. Mama yangu akauliza, "Sasa nifanye nini?"

"Chochote utakacho, nyanya," akajibu mtoto.

Msomaji, lishike jibu hilo, maana ndilo kiini cha insha hii. Lilikuwa jibu la kweli, lakini si kila jibu la kweli ni msaada. Kumwambia mgeni afanye atakalo ni kumdhania kwamba ajua yapi yanayofanyika. Asiyejua kwamba jabali hupandika hana uhuru wa kulipanda, hata kama hapana aliyemkataza. Uhuru bila maarifa ni kama duka lililojaa bidhaa usiku wa giza: vyote vimo, na hakuna unachokiona.

Shida ya kwanza ya mgeni imo mikononi mwake. Padi, kile kidude kinachoshikwa kwa mikono miwili, ina vitufe vingi na vijiti viwili. Kijiti cha kushoto huendesha miguu ya Link, na cha kulia hugeuza macho ya mtazamaji. Katika maisha yetu miguu na macho hushirikiana bila sisi kuwaza. Hapa vimetengwa, kila kimoja kikapewa kidole gumba chake. Mama yangu alipotaka kwenda mbele, Link alikwenda, lakini macho yalikuwa yakitazama mawingu. Alipoyashusha macho, Link alikuwa akisukumana na mwamba. Alipoambiwa abonyeze X ili aruke, aliinama kuitafuta X kwenye padi, na alipoinua uso haja ya kuruka ilikuwa imekwisha kupita. Mzoefu haoni kazi hii, kama msomaji asivyoona herufi moja moja katika ukurasa huu. Lakini kila mtu aliyejua kusoma alipata siku ambayo A ilikuwa mlima.

Shida ya pili imo katika alama. Juu ya skrini ilikuwapo mioyo midogo myekundu, na Link alipopanda jabali duara la kijani lilitokea karibu naye likaanza kupungua. Mpwa wangu hakumbuki aliyemwambia kwamba mioyo ni uhai na duara ni pumzi. Alijua tu, maana michezo mingi aliyokwisha kuicheza husema lugha moja. Mama yangu alilitazama duara likiisha, akamwona Link akiachia mwamba na kuanguka, asijue kwamba mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Ulimwengu uitwao wazi ulikuwa umejaa maandishi, naye hakuwa amefundishwa hati yake.

Shida ya tatu ni kubwa kuliko zote, nayo ni kutojua kama umepotea. Katika mchezo wa ujia, aliyekwama ajua kwamba njia iko mbele yake na upungufu ni ustadi. Katika uwanda usio na ua, aliyekwama hajui kama amekosa ustadi, au amekosa njia, au amefika mahali ambapo hapakuwa pake bado. Elden Ring waonyesha jambo hili waziwazi. Mara mchezaji anapotoka kwenye giza la mwanzo na kuingia nchi yenyewe, humwona mpanda farasi aliyevaa silaha za dhahabu akizunguka karibu na njia. Mgeni aliyefunzwa na michezo ya ujia hudhani kwamba kilicho njiani sharti kipiganwe. Hupigana naye akafa, akarudi, akafa tena, hata aitupe padi na kusema mchezo huu si wa watu kama mimi. Mzoefu humpisha yule mpanda farasi, akazunguka kwa mbali, akaenda kujipatia nguvu kwingine ndipo amrudie. Neno ambalo mgeni hakuambiwa ni hili: waruhusiwa kuondoka na kurudi.

Hapo ndipo yafaa tuwape watengenezaji wa michezo haki yao, maana wenye busara miongoni mwao waliyafikiri haya. Hidemaro Fujibayashi, aliyeongoza kazi ya Breath of the Wild, na wenzake hawakumtupa mgeni katika nchi nzima mara moja. Walimweka kwanza juu ya uwanda ulioinuka, wenye majabali pande zote, ambao mtu hawezi kushuka salama mpaka apate kitambaa cha kupaa kwa upepo. Ili akipate hupewa kazi ya kutafuta mahekalu manne. Juu ya uwanda huo mna kila jambo kwa kiasi kidogo: maadui wachache, baridi kidogo, mto, msitu na magofu. Mgeni huona mbingu na upeo wa nchi, asijihisi amefungwa, na kumbe yumo darasani. Akishuka, nchi yote ni yake; hata akitaka kwenda moja kwa moja kwenye ngome kupigana na adui mkuu, hapana wa kumzuia.

Tena waliipanga ardhi yenyewe iwe mwalimu. Mwaka 2017 mafundi hao walieleza kwamba waliijenga nchi kwa maumbo ya pembetatu, makubwa kwa madogo. Mlima mkubwa huonekana kutoka mbali, ukamwita mtu. Kilima kidogo huficha kilicho nyuma yake, kikamfanya msafiri aamue apande au azunguke, na kila apitapo jambo jipya huchungulia. Hivyo macho hupata pa kwenda kabla ya miguu. Yule asiyejua afanye nini hupewa, badala ya amri, kitu cha kutamani.

Chuoni tulipofunzwa ualimu tuliambiwa kwamba mwanafunzi huongozwa kutoka kwenye lijulikanalo hadi lisilojulikana. Kanuni hiyo naliiandika daftarini kama wenzangu, lakini sikupata kuiona ikitembea wazi kama siku ile sebuleni kwa mama. Kwenye mteremko chini ya lile jabali, mzee mmoja mwenye ndevu alikuwa ameketi karibu na moto, na kando ya moto palikuwa na tofaa lililochomwa. Wachezaji wengi hulichukua bila kuwaza, na mzee huyo huwasuta kwa mzaha. Mama yangu alikataa. "Hatujamwamkia, tule chake?" alisema, akamwendea mzee kwanza. Walipofika penye theluji na mioyo ya Link ikaanza kupungua, mpwa wangu alifungua kinywa kueleza, lakini nyanya yake alimtangulia: "Huyu ataumwa. Mbona hana sweta? Hakuna hata pilipili ya kumpasha mwili?" Na ajabu ni kwamba pilipili zilikuwapo, na katika mchezo ule pilipili zikipikwa humpa Link joto la kuistahimili baridi. Mtoto alimtazama nyanya yake kama aliyefumaniwa na nabii.

Basi ona: mgeni hakuja mikono mitupu. Alikuja na adabu ya nyumbani kwake, na elimu ya moto na baridi, ya mti ukatwao na mwamba uteleza wakati wa mvua. Ulimwengu uliojengwa juu ya mambo ambayo binadamu wote wayajua ulimkaribisha. Ulimwengu uliojengwa juu ya alama za wazoefu peke yao ulimfukuza. Mchezo ule ulikuwa na yote mawili, na kila saa mama yangu alikuwa baina ya mlango uliofunguliwa na mlango uliofungwa.

Lakini mafundi wa Japani hawakuwako sebuleni. Aliyekuwako ni mpwa wangu. Na mwenyeji aliye karibu humfaa mgeni, au humdhuru, kuliko mjenzi aliye mbali. Saa ya kwanza mtoto yule alimpokonya nyanya yake padi mara tatu. "Lete nikuonyeshe," alisema, akafanya kwa haraka lililokuwa gumu, akairudisha. Mara ya tatu mama yangu hakuipokea. Aliweka mikono mapajani, akasema ni heri akatazame maharagwe yake yaliyoanikwa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonihuzunisha, kwa sababu nimekwisha kuuona uso ule darasani mara nyingi. Ni uso wa mwanafunzi ambaye mwenziwe amemkamilishia hesabu. Jibu limepatikana, na mtu amepotea.

Nikamwomba mpwa wangu jambo moja: asiiguse tena padi, wala asinene mpaka aulizwe. Ilikuwa adhabu nzito kwake, nayo aliitimiza. Mama yangu akarudi. Alipotea, akazunguka gofu moja mara nne, akaanguka mtoni. Kisha akauliza, "Hili la kijani ni nini?" Mtoto akajibu kwa maneno matatu: "Ni pumzi yake." Tangu saa ile mama yangu alipanda majabali kwa kupumzika kwenye vijukwaa, kama anavyopanda kilima cha sokoni. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia, nao walisema kweli. Lakini naongeza kwamba apoteaye ahitaji mtu wa kumwuliza, na mtu huyo awe ameketi tayari, wala asiwe amekimbia mbele.

Usiku ule, tulipokuwa tukila, mtoto alimwambia nyanya yake asilopata kutuambia sisi. Alisema shule yake ilikuwa hivyohivyo. Alipofika Januari hakujua maji ya kuoga hutekwa wapi, wala kengele ipi ni ya chakula na ipi ni ya masomo, wala benchi lipi hukaliwa na nani. Alipouliza alijibiwa, "Utajua tu," na aliposhindwa alichekwa. Alikuwa ameazimu kutorudi muhula wa tatu. Tulinyamaza sote. Kisha mama yangu akasema, "Na mimi leo ningeondoka, kama usingeninyamazia ukaningoja." Mtoto aliinama. Nadhani ndipo alipojua kwamba ugeni wake haukuwa upungufu wake.

Sitakwambia kwamba mchezo ulimponya, maana michezo haina uganga huo. Wazazi wake walizungumza na walimu, nasi tulimtembelea. Alirudi. Na muhula uliofuata, mwanafunzi mwingine alipohamia darasani mwao, mpwa wangu alikwenda akamwonyesha bomba, ratiba ya kengele na mahali pa kuanika nguo, kabla hajaulizwa. Hayo sikuyasikia kwake. Niliyasikia kwa mwalimu wake.

Wewe msomaji, u karibu na ukingo wa jabali lako. Shule ni ujia wenye kuta: kengele hukwambia saa, ratiba hukwambia somo, na mtihani hukwambia kama umefaulu. Siku moja utatoka, na nchi yote itafunuka mbele yako, na watu watakupongeza wakisema sasa u huru, fanya utakalo. Usishangae ikiwa furaha yako itachanganyika na hofu. Siku hiyo yakumbuke mambo matatu. Anza na unalolijua, hata kama ni adabu ya kuamkia wazee na elimu ya pilipili. Ukikuta mpanda farasi aliyekushinda nguvu, mzunguke; kuondoka leo si kushindwa, maadamu waweza kurudi kesho. Na usione haya kuuliza duara la kijani ni nini, kwa kuwa kuuliza si ujinga.

Nakuonya pia kwamba ulimwengu usio na ua hauna kengele ya kukutoa. Siku nzima katika Minecraft, mchana na usiku wake, ni dakika 20 tu za saa yetu, na mtu aweza kuishi siku nyingi za huko akasahau jioni moja ya huku. Ujiwekee mpaka mwenyewe pale ambapo mjenzi hakuuweka.

Mwisho, siku itakuja ambapo mwenyeji utakuwa wewe: bwenini, kazini, au kando ya mzee wako anayeishika simu mpya kwa vidole viwili. Siku hiyo padi iache mikononi mwake. Keti karibu, ngoja swali, ujibu kwa maneno machache, umwachie kosa lake alitengeneze mwenyewe. Desturi yetu yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni desturi njema, maana haimwachi mgeni akae bure kama pambo. Mpe jembe, basi. Lakini umwonyeshe na shamba lilipo.